Aibu ya gari usiifiche: Mafunzo ya ngamia wa Wathila

SHUKRANI zote anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aliyejulikana kwa uaminifu wake sokoni kabla hajapewa utume, na ziwafikie aali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, hivi karibuni baada ya darasa la baina ya Magharibi na Isha hapa Karatu, kijana mmoja alibaki nyuma ya wenzake. Kazi yake ni udereva wa watalii. Alikuwa amechoka kuendesha gari la tajiri, akataka la kwake. Akatoa akiba yake ya miaka sita, mama yake akauza ng'ombe wawili kumuongezea, akanunua Land Cruiser iliyokwisha fanya kazi ya utalii kwa miaka mingi: chesisi imerefushwa, paa la kunyanyuka, rangi imepigwa upya.

Safari ya kwanza gari lilikwenda vizuri, na ya pili pia. Safari ya tatu, likipanda kutoka kreta kwa njia ya Lerai, mshale wa joto ulipanda, maji yakachemka, injini ikazima. Wageni wakahamishiwa gari la mwenzake, na yeye akarudisha fedha za siku hiyo. Gari likavutwa hadi gereji. Fundi alipofungua injini akaonesha silinda hedi: ilikuwa na ufa wa zamani uliochomelewa. Kisha akasema neno lililomuumiza kijana kuliko ubovu wenyewe: "Hili gari nalijua. Mwaka jana nililifungua mimi. Nilimwambia mwenyewe abadilishe hedi, akasema lichomelewe tu kwa kuwa analiuza."

Kijana akamuuliza, "Siku nalinunua ulikuwapo pale pale. Mbona hukusema?"

Fundi akajibu, "Mdogo wangu, ningemharibia mteja wangu biashara. Na wewe hukuniuliza."

Muuzaji ni Muislamu. Dalali ni Muislamu. Fundi ni Muislamu, na wakati mwingine anasimama safu moja na kijana huyo katika swala ya Ijumaa. Alipopigiwa simu siku ile ile, muuzaji alisema gari aliliuza "kama lilivyo", kisha akakata simu.

Swali la kijana lilikuwa hili: "Ustaadhi, yupo mtu kutoka Babati anataka kulinunua. Nikimwambia habari ya hedi, atalikimbia. Nisipomwambia, nami nitakuwa sawa na walionifanyia. Nifanye nini?"

Makala haya ni jibu la swali hilo. Nimeona niliandike kwa sababu haliwahusu watu wa Karatu peke yao. Kila mji wenye yadi za magari, gereji na madalali unalo.

Njia inayofichua kila kitu

Kwa wasiofika huku, nieleze kidogo. Ukitoka Mto wa Mbu barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi uwanda wa Karatu. Lami inakwenda hadi lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Kuanzia hapo gari linapanda msituni hadi ukingo wa kreta, kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Anayeingia ndani ya kreta anateremka karibu mita 600, kwa kawaida kwa njia ya Seneto, na jioni anapanda kwa njia ya Lerai. Gari lisilo la magurudumu manne yenye nguvu haliruhusiwi kushuka. Kiangazi ni vumbi linaloziba chujio la hewa, na masika ni utelezi.

Gari linaloishi maisha hayo huchoka kwa namna yake. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 inayopatikana katika Land Cruiser nyingi za utalii, inasifika kwa uvumilivu, lakini ikiachwa ichemke mara kwa mara hedi yake hupasuka. Shokapu hufa, springi hukatika, bushi huliwa, difu huanza kulia. Na baada ya mwaka 2020, pale maradhi ya korona yaliposimamisha utalii na idadi ya watalii nchini ikashuka kutoka kiasi cha milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kiasi cha laki 6, magari mengi yalilala nje kwa miezi. Gari lililolala muda mrefu nalo lina magonjwa yake: mipira hukauka, betri hufa, na kutu huingia mahali usipopaona.

Kuuza gari la namna hiyo si haramu. Uislamu haukukataza kuuza kitu chenye aibu. Uliokatazwa ni kuificha aibu hiyo. Allah (s.w) katika Suratun-Nisaa (4:29) amewakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, akahalalisha biashara inayofanyika kwa kuridhiana. Sasa jiulize: mtu aliyeridhia kununua gari zima kisha akapewa gari bovu, je, ameridhia? Aliridhia gari jingine ambalo halikuwapo.

Chuchu zilizofungwa

Zama za Mtume (s.a.w) hapakuwa na gereji, lakini ujanja ulikuwapo. Mtu akitaka kumuuza mbuzi au ngamia jike, alikuwa akiacha kumkamua siku kadhaa, kiwele kikajaa. Mnunuzi akifika anaona kiwele kinene, anadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Akifika nyumbani na kukamua siku mbili tatu, ukweli unadhihiri.

Katika hadithi aliyoisimulia Abu Huraira (r.a), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alikataza jambo hilo. Akampa mnunuzi haki ya kuchagua baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Katika baadhi ya mapokezi muda wa kuchagua umetajwa kuwa siku tatu.

Tazama sasa yanayofanyika mjini. Gari linalotoa moshi wa bluu hutiwa oili nzito ili moshi upungue kwa siku mbili tatu. Rejeta inayovuja hutiwa manjano au ute wa yai ili tundu lizibe hadi fedha zilipwe. Taa ya onyo kwenye dashibodi hung'olewa balbu. Kilomita hurudishwa nyuma. Difu inayolia hujazwa oili iliyochanganywa na unga wa mbao inyamaze. Gari linalosumbua kuwaka asubuhi huwashwa kabla mnunuzi hajafika, ili alikute lina joto. Hayo yote ni chuchu zilizofungwa. Aliyeyafanya asijidanganye kwamba hakusema uongo kwa ulimi wake, kwani mwenye mbuzi naye hakusema neno. Kiwele ndicho kilichomsemea uongo.

Na ipo hadithi ya yule muuza nafaka, aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w) aliingiza mkono wake ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyeshea. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyoloa juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika wao. Yule bwana hakuinyeshea nafaka yake kwa makusudi, kama vile ambavyo huenda muuzaji wa gari hakuipasua hedi kwa makusudi. Kosa lake ni kuweka kikavu juu na kibichi chini.

Ngamia wa Wathila

Wengi wanajua kwamba muuzaji ana wajibu wa kusema. Lakini je, fundi? Je, dalali? Je, jirani anayelijua gari?

Imam Ahmad na al-Hakim wamepokea kisa cha Swahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a). Mtu mmoja alinunua ngamia nyumbani kwa Wathila, akawa anaondoka naye. Wathila akatoka mbio akiburura nguo yake, akamuuliza kama ameelezwa hali ya ngamia huyo. Mnunuzi akashangaa, kwani alimuona amenona na ni mzima. Wathila akamuuliza: unamtaka kwa nyama au kwa safari? Akajibu kwamba anataka kwenda naye Hijja. Hapo Wathila akamwambia kwamba ngamia huyo ana tundu katika wayo. Mwenye ngamia akalalamika kuwa Wathila anamharibia biashara. Wathila akajibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w): si halali kwa mtu kuuza kitu mpaka aeleze kilichomo, na si halali kwa anayejua kilichomo kunyamaza. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba bei ilikuwa dirham 300, na muuzaji akapunguza 100.

Wapo wanazuoni walioisemea sanadi ya kisa hiki. Hata hivyo maana yake inatiliwa nguvu na hadithi ya Uqba bin Amir (r.a) katika Ibn Majah, inayomkataza Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila kumbainishia.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni lile swali la nyama au safari. Tundu la wayo si kitu kwa mwenye kuchinja, lakini kwa msafiri wa Hijja ni kubaki jangwani. Vivyo hivyo gari lenye fouwili iliyokufa linaweza kumfaa mtu wa kubeba mboga sokoni kwenye lami, na likawa balaa kwa anayeteremka Seneto na wageni sita. Basi aibu hupimwa kwa kazi anayoikusudia mnunuzi. Muuzaji mwenye kumcha Allah (s.w) anauliza: gari unalipeleka wapi?

La pili ni kwamba ngamia hakuwa wa Wathila. Hakuwa muuzaji katika biashara ile. Alikuwa anajua, basi. Lile neno la fundi wetu, "ningemharibia mteja wangu biashara", ndilo lalamiko lile lile la mwenye ngamia, na jibu lake lilikwisha tolewa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Dalali naye asijifiche nyuma ya kamisheni. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akijua kuwa anatembeza kibaya, ujira wake umechanganyika na ghushi.

Na zikiwa breki ndizo mbovu, suala limekwisha toka kwenye fedha limeingia kwenye roho za watu. Katika mteremko wa Seneto kunyamaza kunaweza kuua.

"Nimekuuzia kama lilivyo"

Hii ndiyo ngome wanayoikimbilia wauzaji wengi. Hata kwenye karatasi za mauziano utaikuta. Je, inamuokoa muuzaji?

Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Abdullah bin Umar (r.a) alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutowajibika na aibu. Mnunuzi akadai mtumwa ana maradhi ambayo hakuelezwa. Wakashitakiana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a). Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alipomuuza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar hakutaka kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye akapona, akamuuza kwa dirham 1,500.

Angalia mzani wa hukumu ile. Uthman hakuuliza kama sharti liliandikwa. Aliuliza muuzaji alikuwa anajua nini.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, sharti hilo linamuepusha muuzaji na aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hubadilika na maradhi yake hujificha. Aliyoijua akaificha haimo. Mahanafi wamelipanua zaidi sharti hilo. Hata hivyo, kufanya hila ya makusudi ili mnunuzi asione ni dhambi isiyo na hitilafu. Kwa hiyo aliyechomelea hedi, akaifunika, kisha akasema "kama lilivyo", ajiulize kama angethubutu kuapa mbele ya Uthman.

Haki za mnunuzi

Mnunuzi naye hajaachwa mikono mitupu, lakini ana masharti yake. Fiqhi inampa khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu na kudai fedha zake, ikitimia yafuatayo:

Kwanza, aibu iwe ilikuwapo kabla hajakabidhiwa. Shokapu iliyokufa kwa mashimo ya safari zako mwenyewe haimhusu muuzaji.

Pili, awe hakuijua wakati wa kununua. Uliyeoneshwa ukaridhia huna madai.

Tatu, iwe ni aibu inayopunguza thamani au inayozuia kazi iliyokusudiwa. Mkwaruzo kwenye mlango wa gari la miaka 20 si dai.

Nne, kwa madhehebu ya Shafi, mara tu anapoigundua achukue hatua bila kuchelewa. Ukijua gari lina aibu ukaendelea kulitumia mwezi mzima ukikusanya fedha, umeonesha kuwa umeridhika.

Na kama gari limepata aibu nyingine mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Hapo wanasuluhishana, au analipwa tofauti ya thamani.

Je, kipato cha zile safari mbili za mwanzo? Bibi Aisha (r.a) amesimulia, katika Abu Daud na Tirmidhi, kuhusu mtu aliyenunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akamrudisha kwa aibu. Muuzaji akadai malipo ya kazi ile. Mtume (s.a.w) akahukumu kwamba faida huenda kwa yule aliyekuwa amebeba dhamana. Kama gari lingeungua katika siku zile ingekuwa hasara ya kijana, basi na kipato ni chake.

Lakini lililo bora kuliko kudai ni kujikinga. Wanunuzi wengi tunapenda rahisi, na wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sheria yetu imetupa silaha nzuri tunayoisahau, nayo ni khiyari ya sharti: kukubaliana kwamba una muda, usiozidi siku tatu kwa Mashafi na Imam Abu Hanifa, wa kulijaribu gari na kulirudisha ukitaka. Yaandikeni hayo na mashahidi wawepo. Leta fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Liwashe asubuhi likiwa baridi. Lipandishe mlima likiwa na uzito. Muulize muuzaji kwa kinywa chako: gari hili limewahi kufunguliwa injini? Akijibu uongo, umepata hoja mbele ya kadhi yeyote na mbele ya Mola wake.

Kuhusu sheria ya nchi, ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Humo, sharti la ubora wa bidhaa linamkabili zaidi muuzaji ambaye biashara yake ni bidhaa hizo. Mtu binafsi anayeuza gari lake anaweza kukwepa, almuradi hakudanganya. Uislamu haukumtofautisha mwenye yadi na mwenye gari moja. Kwa hiyo jambo linaweza kupita mahakamani na lisipite Siku ya Kiyama.

Jibu nililompa kijana

Nilimwambia: anayo haki ya kumfuata muuzaji, kwa kuwa alimpigia siku ile ile na aibu ilikuwa ya zamani, na fundi ana wajibu wa kutoa ushahidi. Aanze na wazee wa msikiti, na ikishindikana aende kunakohusika. Ama huyu mtu wa Babati, haruhusiwi kumfanyia alilofanyiwa. Dhulma haihamishwi kama kadi ya gari. Amwambie kila kitu, amuoneshe ile hedi, kisha wapatane bei ya gari lenye hedi mbovu.

Nilipomaliza kusema hayo, sikulala vizuri. Nikakumbuka gari langu dogo nililoliuza miaka mitatu iliyopita. Gia boksi yake ilikuwa ikisita asubuhi likiwa baridi, likipata joto inatulia. Nilimuita mnunuzi saa saba mchana. Sikusema uongo wowote. Nilimchagulia saa tu.

Nikafanya nini? Nilisoma kisa cha Imam Abu Hanifa, ambaye mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kueleza, na mnunuzi hajulikani alikokwenda. Imam akatoa sadaka thamani yote ya bidhaa ile. Lakini wangu nilikuwa namjua. Anaishi Mbulu. Aliye na mwenye haki yake hai hana ruhusa ya kukimbilia sadaka. Nilimfuata, nikamueleza. Alikaa kimya, kisha akaniambia gia boksi aliinunua nyingine mwezi wa nne baada ya mauziano, akanitajia gharama. Tumekubaliana nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Hakunisamehe hata shilingi, na ni haki yake.

Ama kijana wetu, yule wa Babati aliposikia habari ya hedi alishukuru akarudi zake. Hadi naandika makala haya gari bado liko uani kwao, na muuzaji wa mwanzo ameitwa na wazee mara moja, hajafika. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ukisema kweli mnunuzi hupatikana jioni hiyo hiyo. Hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a) katika Bukhari na Muslim inatufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Ahadi ni ya baraka. Haraka hatukuahidiwa.

Ndugu zangu mafundi, madalali na wenye magari: kesho atakuja mtu na bahasha yake, na ndani yake huenda mna thamani ya ng'ombe wa mama yake. Ulizeni anakwenda wapi na gari, kisha semeni mnachokijua.

Allah (s.w) atujaalie kuwa wakweli katika kuuza na kununua kwetu, na atuwezeshe kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirham. Amin.